Mjumbe wa Chama Asafiripo Nchi za Nje

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi vya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa)



Wahenga walisema, Tembea uone. Hawakusema kwamba kila atembeaye huona. Wapo wajumbe waliovuka bahari kwa fedha za wanachama wakarudi na picha na zawadi, lakini chama kilichowatuma hakikupata hata jambo moja la kuandika katika kitabu cha muhtasari. Aghalabu kosa halikuwa la mwenyeji aliyewapokea, wala la umbali wa nchi. Kosa lilianzia nyumbani, katika maandalizi.

Chama kimoja cha msingi kilichokusanya kiasi cha lita 600 za maziwa kwa siku kiliamua kuwatuma Mwenyekiti na Katibu wake kwenda Anand, katika jimbo la Gujarat, India, mji ujulikanao na wanaushirika wa maziwa duniani kote. Wanachama walikubali kukatwa shilingi 20 kwa kila lita. Makato hayo yalikuwa shilingi 12,000 kwa siku, na kwa muda wa miezi 18 zikapatikana shilingi zipatazo milioni 6 na nusu. Mkutano Mkuu uliandika maswali katika daftari moja, na daftari likakabidhiwa Mwenyekiti.

Ili kupunguza nauli, wajumbe walikwenda Nairobi kwa basi wakapandie ndege huko. Kwenye meza ya kupokelea abiria, karani alitazama cheti cha chanjo cha Mwenyekiti, akakirudisha. Mwenyekiti alikuwa amechanjwa homa ya manjano siku nne tu kabla, na cheti hicho huanza kuwa halali baada ya siku 10. Ndege iliondoka na Katibu peke yake. Daftari la maswali lilibaki katika mkoba wa Mwenyekiti, ambao ulirudi naye kwa basi.

Katibu alifika Anand, akatembezwa kiwandani pamoja na wageni wengine, akarudi. Mkutano Mkuu ulipokutana kusikiliza taarifa, mama mmoja mzee mwenye ng'ombe wawili alisimama akauliza, "Mwanangu Katibu, huko ulikokwenda, maziwa mazito na maziwa mepesi hulipwa bei moja?" Swali hilo lilikuwa la kwanza katika daftari. Katibu hakuwa na jibu.

Mazungumzo haya yanahusu mambo ambayo yangalimwezesha Katibu yule kujibu. Mfano utakaotumika ni safari hiyohiyo ya India, lakini mengi yaliyomo yatamfaa mjumbe aendaye nchi yoyote.

SAFARI HUANZIA KATIKA MKUTANO MKUU

Jambo la kwanza si pasipoti, bali ni sababu ya safari. Safari na iandikwe katika makisio ya mwaka, ipitishwe na Mkutano Mkuu, na sababu yake itajwe kwa sentensi moja ambayo kila mwanachama ataielewa. "Kwenda kujifunza ushirika" si sababu, kwa kuwa haina kipimo. "Kuona jinsi maziwa yanavyopimwa na kulipwa kwa ubora, na kujua gharama ya vifaa vyake" ni sababu, kwa maana mjumbe akirudi anaweza kuulizwa na akajibu.

Uchaguzi wa wajumbe ufuate sababu hiyo. Ikiwa jambo linalotafutwa ni upimaji wa maziwa, mpokeaji maziwa wa chama yafaa awemo, hata kama cheo chake ni kidogo. Mtu ashikaye laktomita kila asubuhi ataona kwa dakika tano jambo ambalo kiongozi hataliona kwa siku tano.

Baada ya hapo Katibu aandike barua kwa wenyeji, kupitia Chama Kikuu, miezi mitatu au minne kabla. Barua itaje majina ya wajumbe kama yalivyo katika pasipoti, tarehe zinazoombwa, na hasa mambo wanayotaka kuyaona. Huko Anand wanachama hupeleka maziwa kwenye chama cha kijiji mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Mgeni asiyeomba mapema kupelekwa kijijini kwa saa hizo ataonyeshwa kiwanda mchana, naye atarudi akiwa ameona mitambo asiwaone wakulima. Ndivyo ilivyompata yule Katibu.

HATI ZA SAFARI

Hati ni tatu, na kila moja ina tarehe yake. Mjumbe asiridhike kwa kuwa anazo. Na asome tarehe.

Ya kwanza ni pasipoti. India hutaka pasipoti iwe na uhai wa miezi sita au zaidi tangu siku ya kuwasili, na kurasa mbili tupu. Pasipoti iliyobakiwa na miezi mitano bado ni halali, lakini kwa safari hiyo haifai. Kadhalika jina lililo katika pasipoti lilingane herufi kwa herufi na lile la tikiti, la viza na la cheti cha chanjo. Mtu ajulikanaye chamani kwa jina la babu yake, na katika pasipoti kwa jina la ukoo, hujitafutia matatizo bure.

Ya pili ni viza. India hutoa viza ya kielektroniki, ambayo huombwa kwa njia ya intaneti pamoja na picha na nakala ya ukurasa wa kwanza wa pasipoti. Zipo aina mbalimbali, kama vile ya utalii, ya biashara na ya mikutano. Ziara ya mafunzo iliyoalikwa si utalii. Kwa hiyo Katibu aulize ubalozi ni aina gani ipasayo, akiwa na barua ya mwaliko mkononi. Pia ahakikishe kwamba ukurasa anaojaza ni wa serikali ya India yenyewe, kwa maana wapo walaghai waliotengeneza kurasa zinazofanana nao ili wachukue ada kubwa zaidi. Ada ya viza ikishalipwa hairudishwi. Kibali kikitoka kichapwe kwenye karatasi; simu inaweza kuzimika.

Ya tatu ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho wengi hukiita kadi ya njano. India ni kali mno katika jambo hili, nayo ina sababu. Ugonjwa huo haupo India, lakini mbu awezaye kuueneza yupo, na watu wake ni wengi sana. Kenya na Ethiopia zimo katika orodha ya nchi ambazo India huzihesabu kuwa na hatari ya ugonjwa huo. Mtu aliyekuwa katika nchi hizo akafika India bila cheti halali anaweza kutengwa kwa muda wa hadi siku sita. Abiria aliyepita tu bila kutoka nje ya uwanja wa ndege anaweza kusamehewa, lakini msamaha huo umo mikononi mwa afisa wa afya, na chama hakipaswi kuutegemea. Chanjo moja yatosha kwa maisha yote, kufuatana na kanuni ya afya ya kimataifa iliyoanza kutumika Julai 2016. Kwa hiyo hakuna sababu ya kungoja: mjumbe achanjwe mara tu achaguliwapo, hata kabla ya tikiti kununuliwa.

Nakala za hati zote tatu zibaki katika jalada la chama. Hati ikipotea ugenini, nakala iliyoko nyumbani humsaidia mjumbe mbele ya ubalozi.

SAA NA TAREHE

Waswahili huhesabu saa tangu kuchomoza na kuchwa kwa jua, lakini tikiti huhesabu tangu usiku wa manane, na hufika hadi saa 24. Msafiri akiona 07:00 katika tikiti asidhani ni saa saba mchana. Hiyo ni saa moja asubuhi, na aliyekosea huikuta ndege imekwisha kuondoka.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni ndege za usiku. Tikiti ikisema 00:40 ya tarehe 12, maana yake ni saa sita na dakika arobaini ya usiku ule ulioanza jioni ya tarehe 11. Kwa kuwa abiria wa nchi za nje hutakiwa kufika uwanjani saa tatu kabla, mjumbe anapaswa kuwa uwanjani tarehe 11, saa tatu na dakika arobaini usiku. Ajaye usiku wa tarehe 12 amechelewa kwa siku nzima. Katibu na aiandike saa ya safari kwa maneno, kwa hesabu ya Kiswahili, na kuibandika juu ya bahasha ya tikiti.

Saa ya India iko mbele ya saa ya Tanzania kwa saa mbili na nusu. Nyumbani ikiwa saa sita mchana, huko ni saa nane na nusu. Nusu hiyo husahauliwa na wengi, na mwenyeji aliyengojeshwa nusu saa hatasema neno, lakini atakumbuka.

FEDHA ZA SAFARI

Fedha apewazo mjumbe ni masurufu, si zawadi. Na ziandikwe katika hati ya malipo, zikigawanywa: nauli, viza, chanjo, bima ya safari, malazi, chakula, na akiba ya dharura. Posho ya kujikimu iamuliwe na mkutano kabla ya safari, maana ikiamuliwa baada ya safari huleta maneno.

Mjumbe achukue dola safi zisizochanika wala kuandikwa, kwa sababu noti chakavu hukataliwa mahali pengi. Abadilishe benki au kwa wenye leseni, apewe stakabadhi, na stakabadhi hiyo aitunze kama atunzavyo pasipoti. Fedha zisikae mahali pamoja. Wajumbe wakiwa wawili, kila mmoja achukue sehemu, na kila mmoja awe na nakala ya daftari la maswali.

Katika hesabu za India lipo jambo litakalomshangaza mtunza hazina. Laki huandikwa 1,00,000, na milioni 10 huandikwa 1,00,00,000, nayo huitwa krori. Vituo havikai baada ya kila tarakimu tatu kama ilivyozoeleka huku. Mjumbe anakilipo takwimu za wenyeji azinakili pamoja na maneno yake, la sivyo taarifa itakuwa na makosa ya mara kumi. Kwa upande mwingine Mswahili ana bahati, kwa kuwa neno laki lenyewe lilitoka huko, pamoja na duka, bima na hundi. Wafanyabiashara wa Kigujarati walikuwapo Unguja na pwani ya Afrika Mashariki tangu zamani, nao waliacha maneno kadhaa ya uhasibu katika Kiswahili.

MIZIGO NA AFYA

Miezi ya Aprili na Mei jimbo la Gujarat huwa na joto kali, ambalo huweza kupita nyuzi 40 za sentigredi. Kuanzia katikati ya Juni hadi Septemba ni masika ya huko. Tangu Desemba hadi Februari hali huwa njema, na asubuhi huwa na baridi ya kutosha kuhitaji sweta. Chama chenye uhuru wa kuchagua na kichague miezi hiyo.

Umeme wa India una nguvu ileile ya volti 230, lakini tundu zake ni za mviringo. Plagi ya miguu mitatu ya bapa haitaingia bila kiunganishi, ambacho hununuliwa kwa bei ndogo nyumbani. Dawa za mtu mwenye maradhi ya kudumu zikae katika mkoba wa mkononi, zikiwa ndani ya vifungashio vyake, pamoja na barua ya daktari. Maji ya kunywa yawe yaliyochemshwa au ya chupa iliyofungwa, na barafu iepukwe. Mgeni akiumwa tumbo siku tatu katika ziara ya siku saba, chama kimepoteza karibu nusu ya fedha zake.

DESTURI ZA WENYEJI

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amponyaye mwenyeji ni yule anayejua mila za nyumba aingiayo. Wagujarati wengi hawali nyama kabisa, na ng'ombe kwa Wahindu ni mnyama wa heshima kubwa; kumchinja kumekatazwa kwa sheria katika jimbo hilo. Mfugaji wa huku, ambaye kwake ng'ombe aliyeacha kutoa maziwa huenda buchani, asilitaje jambo hilo kwa mzaha mezani. Pombe nayo imekatazwa huko tangu jimbo lilipoundwa mwaka 1960. Mjumbe asibebe chupa, wala asiulize itapatikana wapi.

Chakula huliwa kwa mkono wa kulia, na viatu huvuliwa mlangoni, mambo ambayo mtu wa pwani hahitaji kufundishwa. Mgeni akijua kusema "Kem cho", yaani "Hujambo" kwa Kigujarati, atafunguliwa milango mingi. Apige picha za watu baada ya kuomba ruhusa.

KINACHOTAFUTWA ANAND

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mjumbe na aisome historia ya mahali aendapo kabla ya kufika, ili wenyeji wasipoteze siku kumsimulia yaliyomo vitabuni.

Mwaka 1946 wakulima wa wilaya ya Kaira walichoshwa na bei ya wachuuzi, waliopeleka maziwa kwa kampuni moja iliyokuwa na haki ya peke yake ya kuuza Bombay. Wakasusa kuuza. Mwishoni mwa mwaka huo chama chao kikuu kiliandikishwa, chini ya uongozi wa Tribhuvandas Patel, kikiwa na vyama viwili tu vya vijiji na maziwa yasiyofika lita 300 kwa siku. Mwaka 1949 alifika Anand mhandisi kijana, Verghese Kurien, ambaye alikaa huko hadi kufa kwake mwaka 2012. Mwaka 1965 serikali ya India iliunda bodi ya taifa ya maziwa, ikaiweka Anand, ili mfano ule uenezwe nchi nzima. Mwaka 1976 wakulima laki tano wa Gujarat walichanga rupia 2 kila mmoja kugharimia filamu iitwayo Manthan, iliyoeleza juu ya ushirika wa maziwa.

Muundo wao una ngazi tatu: chama cha kijiji hupokea, chama kikuu cha wilaya husindika, na shirikisho la jimbo huuza. Mwanachama aletapo maziwa, hupimwa wingi wake na mafuta yake, na malipo hufuata vyote viwili. Nyati wengi hufugwa huko, na maziwa ya nyati huwa na mafuta mengi kuliko ya ng'ombe. Kama wangelipa kwa lita peke yake, mwenye nyati angedhulumiwa, na mwenye kutia maji angefaidi.

Hayo yanapatikana kwa kusoma. Yasiyopatikana kwa kusoma ndiyo ya kuulizwa kijijini. Je, mwanachama huoneshwa kipimo chake palepale? Asiporidhika, humlalamikia nani? Kipimaji kikiharibika, siku hiyo hulipwa vipi? Nani hukikagua, na baada ya muda gani? Mpokeaji maziwa analipwa mshahara au kamisheni? Kifaa kiligharimu kiasi gani, na chama kilikipata kwa mkopo au kwa makato? Mjumbe aandike majibu jioni ileile kabla ya kulala, na jina la kijiji na tarehe juu ya ukurasa.

KURUDI NYUMBANI

Mfugaji atembeleaye mazizi ya watu ana wajibu wa ziada. Ugonjwa wa miguu na midomo hauambukizi kwa kugusana kwa wanyama tu. Virusi vyake husafiri katika tope la viatu na katika nguo. Viatu vilivyoingia zizini visuguliwe kwa sabuni, vitiwe dawa, vikaushwe juani. Nguo zifuliwe kabla ya kufungwa. Arudipo, mjumbe asiingie zizini mwake kwa siku kadhaa, na kamwe asivae viatu vile humo. Mbegu za majani na mazao ya maziwa yasibebwe bila kibali. Itakuwa ajabu mjumbe kwenda kutafuta maziwa zaidi akarudi na maradhi.

Masurufu yarejeshwe kwa stakabadhi ndani ya muda uliowekwa. Taarifa iandikwe ndani ya siku 30, isizidi kurasa nne, na ifuate mpangilio wa daftari la maswali: swali, jibu, mahali jibu lilipopatikana, na gharama kama jambo hilo litafanywa hapa. Swali lililokosa jibu litajwe wazi kwamba limekosa jibu. Hakuna mwanachama atakayemlaumu mjumbe kwa kusema hivyo. Lawama ni kwa afichaye.

Katika kile chama cha lita 600, daftari lilitolewa katika mkoba wa Mwenyekiti, na Mkutano Mkuu ukaagiza maswali yote yaandikwe barua yapelekwe kwa wenyeji. Fedha ya safari ya pili haikuwapo. Yule mama mzee bado hulipwa kwa lita, na maziwa ya ng'ombe wake wawili, ambayo kila mpokeaji huyasifu kwa uzito wake, huchanganywa katika pipa moja na yaliyotiwa maji. Kila Katibu atakayeketi kujaza fomu ya viza ya mjumbe wake na amkumbuke mama huyo, kwa sababu shilingi 20 za kila lita yake zimo katika ada hiyo.